Superman au Clark Kent: Nani halisi na nani kinyago?

UKITAKA kuwasha moto kwenye kundi la WhatsApp la mabeste wako Ijumaa jioni, usitaje siasa wala Gor na Ingwe. Tupa tu swali hili kisha uketi utazame: kati ya Bruce Wayne na Batman, nani amevaa kinyago?

Wa kwanza atajibu mbio kwamba mwenye kinyago ni yule mwenye masikio ya popo, kwani huoni? Wa pili atasema la hasha, yule bwanyenye anayechekacheka kwenye karamu ndiye feki, Batman ndiye mwenyewe. Wa tatu atamleta Superman. Ikifika saa nne usiku, msee mmoja atakuwa ameondoka kwenye kundi na mwingine anatuma ujumbe wa sauti wa dakika sita.

Usidhani ni ubishi wa watoto. Swali hili limedumu kwa zaidi ya miaka 80, na limedumu kwa sababu si Batman peke yake anayeulizwa. Wewe pia unaulizwa. Yule anayetoa Kiingereza cha puani kwenye intavyuu, yule anayepiga Sheng kwenye steji ya matatu, na yule anayeongea na nyanya kwa simu kwa lugha ya nyumbani, sauti ikiwa imelainika ghafla: wote wana kitambulisho kimoja na nambari moja ya simu. Yupi kati yao ni wewe?

Basi tuanze na wale waliotangulia kuishi maisha mawili.

Vijana wawili wa Cleveland

Jarida la katuni la Action Comics, toleo la kwanza, lilibeba tarehe ya Juni 1938. Kwenye jalada kulikuwa na jamaa mwenye nguo za kubana na joho jekundu, ameinua gari juu kana kwamba ni sufuria tupu. Huyo alikuwa Superman.

Waliombuni ni vijana wawili wa jiji la Cleveland, jimbo la Ohio nchini Marekani: Jerry Siegel aliyeandika hadithi, na Joe Shuster aliyechora. Walijuana tangu shule ya upili. Wote wawili walitoka katika familia za Wayahudi wahamiaji, wote wapole, wote wa miwani. Si wale wavulana wanaoshangiliwa uwanjani.

Siegel alikuja kueleza baadaye kwamba wazo la sura mbili lilichipuka papo hapo shuleni. Kulikuwa na wasichana aliowapenda, ila wao hata hawakujua kama yuko duniani. Akaanza kuwaza: je, kama ningekuwa na kitu cha ajabu ndani yangu ambacho hawakioni?

Kwa hivyo ukirudi kwenye chanzo, Clark Kent, yule mwanahabari mnyenyekevu, ndiye aliyefanana na waliomwandika. Superman alikuwa ndoto yao. Ndoto yenyewe waliiuza kwa dola 130, na wenye kampuni wakavuna mamilioni, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Kambi mbili

Tangu hapo mashabiki wamegawanyika kambi mbili.

Kambi ya kwanza inasema Superman ndiye halisi. Hoja yake inayojulikana zaidi haikutoka hata kwenye katuni. Ilitoka kwenye filamu ya Quentin Tarantino, Kill Bill: Volume 2, ya mwaka wa 2004. Kule mwishoni, Bill anamwekea Beatrix somo zima. Anasema mashujaa wengine huamka asubuhi wakiwa watu wa kawaida, kisha wanavaa nguo za kazi. Superman ni kinyume. Yeye huamka akiwa Superman, kwa sababu alizaliwa hivyo. Vazi lake la maigizo ni ile suti ya ofisini na ile miwani. Na anapoigiza binadamu, anaigiza mtu dhaifu, mwoga, asiyejiamini. Kwa Bill, hivyo ndivyo Superman anavyotuona sisi wengine.

Hoja hii ni kali. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji. Lakini jiulize inatoka kwa nani. Bill ni muuaji anayetaka kumshawishi mwanamke aliyetoroka maisha ya mauaji kwamba hawezi kubadilika, kwamba alizaliwa muuaji na atabaki muuaji hata akijificha kwenye duka la kuuza santuri. Akikubali kwamba mtu ni vile alivyozaliwa, Bill ameshinda.

Kambi ya pili inasema Clark ndiye halisi. Mwaka wa 1986, mwandishi na mchoraji John Byrne alipewa kazi ya kumwanzisha Superman upya katika mfululizo ulioitwa The Man of Steel. Clark wake hakuwa mtu wa kujikunyata. Alikuwa kijana wa shambani huko Smallville, jimbo la Kansas, nyota wa kandanda ya Kimarekani shuleni, ambaye nguvu zake zilimjia polepole alivyozidi kukua. Superman alibuniwa baadaye, ili Clark apate nafasi ya kuishi. Kipindi cha televisheni cha Lois & Clark, kilichoanza 1993, kilifuata mkondo huohuo: kuruka angani ni kazi anayoifanya, lakini Clark ndilo jina lake.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sayari ya Krypton ilimpa Superman misuli. Nani alimfundisha kutoitumia kupora benki? Ni Jonathan na Martha Kent, wakulima wawili waliomwokota wakamlea kama wao.

Mimi ningefunga mjadala hapo, lakini kuna tukio moja kwenye filamu ya Superman ya 1978 linalonisumbua.

Clark yuko nyumbani kwa Lois Lane. Lois yuko chumba cha pili anajitayarisha watoke. Clark anavua miwani. Mabega yananyooka, kifua kinapanuka, anaonekana amerefuka ghafla, na sauti inashuka na kuwa nzito. Anamwita Lois. Yuko tayari kumwambia ukweli wote. Kisha anasita. Miwani inarudi usoni, mgongo unapinda, sauti inapanda tena na kuanza kubabaika. Hakuna ujanja wa kamera pale. Ni mwili wa mwigizaji Christopher Reeve tu.

Sasa tazama zile sekunde chache za katikati. Miwani imetoka, lakini joho halijavaliwa. Anayesimama pale si yule karani mwoga wa gazeti la Daily Planet, na si yule anayepaa juu ya majumba. Ni mwanamume anayetaka kumwambia anayempenda neno la kweli, na anaogopa. Yeye ni nani?

Bwanyenye na popo

Shika swali hilo twende Gotham.

Batman alizaliwa mwaka mmoja baada ya Superman, katika toleo la 27 la Detective Comics, Mei 1939. Kwa miongo mingi jina lililoandikwa ni la Bob Kane pekee. Bill Finger, aliyechangia sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu Batman, alifariki 1974 bila kutambuliwa rasmi. Jina lake liliongezwa mwaka wa 2015. Hata mmoja wa wazazi wa Batman aliishi gizani.

Kwa Batman, mashabiki wengi hawababaiki: Bruce Wayne ndiye kinyago. Katika Batman Begins ya 2005, Bruce anaingia hotelini na vidosho wawili, wanaogelea kwenye kidimbwi cha mapambo, na akikemewa anainunua hoteli yenyewe. Ni maigizo matupu. Akiwa bado analowa maji anakutana na Rachel, rafiki yake wa utotoni, na anaona haya. Anajaribu kumweleza kwamba ndani yake kuna mtu tofauti. Rachel anamjibu kwamba mtu hupimwa kwa anachokitenda, si kwa anachokificha moyoni. Mwishoni mwa filamu, akiwa sasa anajua siri, Rachel anaugusa uso wa Bruce na kumwambia kwamba huo ndio kinyago chake. Uso wa kweli ni ule ambao wahalifu wanauogopa.

Katuni ya televisheni ya Batman Beyond, iliyoanza 1999, ilifika mbali zaidi. Bruce sasa ni mzee. Adui mmoja anapandikiza sauti kichwani mwake ili ajione amerukwa na akili. Mzee hadanganyiki. Sababu? Ile sauti ilimwita Bruce, na yeye akijisemesha moyoni hajiiti hivyo.

Inaogofya ukiifikiria. Mtu ameishi na jina la kazi mpaka jina alilopewa na mama yake limekuwa la mgeni.

Lakini hata hapa kuna mtu wa tatu. Kabla ya bwanyenye na kabla ya popo, kulikuwa na mtoto wa takriban miaka minane aliyepiga magoti kwenye kichochoro, baba na mama wamelala mbele yake wamepigwa risasi. Mtoto yule hakuwa anaigiza. Aliapa kwamba lisimpate mtoto mwingine. Bwanyenye ni mbinu ya kulitimiza lile neno mchana, popo ni mbinu ya kulitimiza usiku. Wote wawili wameajiriwa na mtoto mmoja.

Suti kwenye pipa la taka

Njia nzuri ya kumpata huyu mtu wa tatu ni kuondoa vitu kimoja kimoja. Ondoa mavazi. Kisha ondoa nguvu. Anayebaki ndiye tunayemtafuta.

Filamu ya Spider-Man 2 ya mwaka wa 2004 inafanya hivyo hasa. Peter Parker, aliyebuniwa na Stan Lee na Steve Ditko mwaka wa 1962, ni shujaa ambaye vijana wa mtaani humwelewa haraka. Anapeleka piza na kufutwa. Mwenye nyumba anadai kodi. Chuoni alama zinashuka. Msichana anayempenda amechoka kungoja. Na juu ya hayo, nguvu zake zinaanza kukata kama stima za msimu wa mvua. Anachoka. Anaivua suti na kuitupa kwenye pipa la taka kichochoroni.

Kwa siku kadhaa maisha yanakuwa matamu. Anasoma, anatabasamu, anatembea kama mtu aliyelipa madeni yote.

Halafu jengo linashika moto na mtoto yuko ndani. Peter hana suti. Hana utando. Hana nguvu hata kidogo. Anaingia. Anatoka amemshika msichana mdogo, akikohoa moshi, na baadaye anasikia kwamba kuna mtu mwingine kwenye orofa za juu aliyefia humo.

Ni nani aliyeingia kwenye moto ule? Spider-Man alikuwa kwenye pipa. Na yule Peter aliyeapa kwamba sasa ataishi kivyake naye hangeingia. Aliyeingia ni kijana aliyelelewa na Mjomba Ben na Shangazi May, ambaye hawezi kumsikia mtoto akilia akapita.

Superman pia aliwahi kupimwa hivyo. Katika Superman II ya 1980, anaziacha nguvu zake ili aishi na Lois. Wanaingia kwenye mkahawa wa kando ya barabara, na jamaa mmoja mkorofi anachukua kiti chake. Clark anamkabili. Anapigwa vibaya, anaona damu yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kichapo hakikuwa cha kishujaa, lakini alisimama, na wakati huo hakuwa Superman.

Mwenda tezi na omo

Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nahodha ataenda nyuma ya jahazi, ataenda mbele, lakini atarudi katikati, ndani ya tumbo la chombo, pale panapowekwa shehena na panapojaa maji yakivuja.

Ndiyo maana naona ubishi wa WhatsApp unakosea tangu swali lenyewe. Unatulazimisha kuchagua kati ya tezi na omo. Clark mwoga wa ofisini ni upande mmoja, Superman wa angani ni upande wa pili, na zote mbili ni sura anazovalia kazi. Mwenyewe yuko ngamani. Humuoni mpaka miwani na joho viwe chini kwa wakati mmoja.

Hii haimaanishi sura hizo mbili ni uongo. Ukiongea kwa adabu mbele ya mkuu wa kazi na kwa vituko mbele ya marafiki, hujamdanganya yeyote. Kila mahali pana mavazi yake. Uongo unaanza pale ambapo mavazi yameanza kuamua badala yako: umetoa Kiingereza cha puani mpaka unaona haya mama akikutembelea kazini, au umekuwa mkali mtaani mpaka huwezi tena kumwambia beste wako kwamba huna sawa.

Bei ya siri

Mbona basi wasiseme tu? Wengine walisema. Tony Stark, mwishoni mwa Iron Man ya 2008, aliwatangazia wanahabari kwamba ndiye yeye. T'Challa, yaani Black Panther, ni mfalme wa Wakanda, na watu wake wanajua aliye ndani ya vazi.

Lakini Stark ana mabilioni na T'Challa ana jeshi. Peter Parker ana shangazi na nyumba ya kupanga. Kwa mtu kama huyo, anayekujua ndiye anayeweza kukumaliza. Sisi tuliosimuliwa habari za Fumo Liyongo tunalijua hilo. Shujaa yule wa pwani hakudhurika kwa mkuki wala mshale. Siri ya sindano ya shaba kitovuni alimwambia mwanawe wa kumzaa, na mwanawe ndiye aliyemchoma. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hivyo siri ina sababu. Ila ina bei pia: ukimficha kila mtu, hakuna anayekupenda wewe. Lois anampenda Superman na kumpuuza Clark, na Clark anakaa katikati akila wivu juu ya nafsi yake mwenyewe.

Spider-Man: No Way Home ya 2021 ilitoza bei hiyo mpaka senti ya mwisho. Ili kuokoa ulimwengu, Peter anakubali kila mtu amsahau. Anaingia kwenye mkahawa anakofanya kazi MJ, ameshika karatasi yenye maneno ya kumweleza yeye ni nani. Anamtazama. Ananunua kahawa na kuondoka. Kisha anahamia chumba kidogo, anajishonea suti mpya, na anarudi kazini. Jina limefutika kabisa, na bado kijana wa Shangazi May yuko pale. Lakini yuko peke yake, na huwezi kutazama chumba kile bila kooni kukukaba.

Ndiyo maana wahusika muhimu kwenye hadithi hizi si maadui wenye makucha. Ni Alfred, anayemshona Batman majeraha na kumkaripia Bruce asipokula. Ni Martha Kent, ambaye mwanawe akishatua kutoka angani anamwandalia chakula. Hao wanajua majina yote mawili, na hawashangazwi na lolote kati yake.

Msichana asiye na nguvu

Hapa nyumbani tuna filamu iliyolipindua swali hili juu chini. Supa Modo, ya mwelekezi Likarion Wainaina, ilitoka 2018. Jo ni msichana wa miaka tisa mpenda filamu za mapigano, na ana ugonjwa ambao hautapona. Analetwa nyumbani kijijini kutoka hospitalini. Ndoto yake ni kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu.

Hana nguvu zozote, na mwili wenyewe unamwishia. Lakini dada yake Mwix anaamua kwamba Jo ataamini anazo, na kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo. Watu wazima wanajifanya wamesukumwa na nguvu zake. Mama, aliyetaka mwanawe alale apumzike, analazimika kujiuliza anamlinda mtoto au anaulinda uchungu wake mwenyewe.

Superman anavaa miwani ili watu wasione nguvu zake. Jo anavaa joho ili kwa muda mfupi watu wasione ugonjwa wake. Nani halisi, Jo mgonjwa au Jo shujaa? Ukimuuliza Mwix atakucheka. Ni dada yake.

Kwa hivyo Ijumaa ijayo swali hilo likirudi kwenye kundi, usichague upande. Waulize swali lingine: siku umevua yote, kazi imeisha, bando imeisha, huna wa kumpendeza, ni nani anaweza kukupigia na ukamjibu kwa sauti yako ya kweli?

Kama kuna jina lililokujia kichwani, usiliandike pale kwenye kundi. Mpigie simu.